Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Je, Kuijua Filamu ni Kuipunguzia Utamu?

Wahenga walituachia usemi usemao kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi walimu tumezoea kuutumia tunapotaka kumhimiza mwanafunzi mvivu. Twamwambia kwamba jahazi analoliona likikata maji kwa madaha halikuota kama uyoga, bali lina fundi wake, misumari yake na jasho lake. Lakini ndani ya usemi huo mna swali ambalo hatuliulizi mara nyingi. Yule atazamaye chombo kikielea afanye nini na habari hiyo ya kuundwa? Abaki ufukweni akiyafurahia matanga, au aende mahali vyombo viundwapo akaone jinsi mbao zilivyopindwa na vidole vya mafundi vilivyoumia? Na akishaona, je, matanga yatampendeza kama yalivyompendeza hapo kwanza?

Tunakusudia kulizungumza swali hilo kwa kufuata mfano mmoja, nao ni filamu ya Kimarekani ya nyimbo na dansi iitwayo Singin' in the Rain, yaani Kuimba Katika Mvua, pamoja na vitabu vilivyoandikwa juu yake. Huenda mfano huu ukaonekana uko mbali na darasa la Kiswahili. Twamwomba msomaji atuvumilie, kwani swali lenyewe ndilo lile lile tukutanalo nalo kila tunapofungua kitabu tukipendacho mbele ya wanafunzi na kuanza kueleza kilivyopatikana.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1952 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Waliiongoza Gene Kelly na Stanley Donen, na mtayarishaji wake alikuwa Arthur Freed. Kabla ya kuwa mtayarishaji, Freed alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo, akishirikiana na Nacio Herb Brown aliyetunga muziki. Waandishi Betty Comden na Adolph Green walipewa kazi iliyo kinyume cha desturi: nyimbo zilikuwapo tayari, nyingi zake zikiwa za miaka ya 1920 na 1930, nao wakatakiwa kubuni hadithi ya kuzibeba. Wakachagua kisa cha mwaka 1927, wakati sinema bubu zilipoanza kusema, na nyota waliopendwa kwa sura zao wakaogopa kusikiwa sauti zao. Lina Lamont ni nyota wa namna hiyo. Uso wake ni wa malaika na sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Ili kuiokoa filamu yake, msichana asiyejulikana aitwaye Kathy Selden anasema na kuimba kwa niaba yake. Lina anataka jambo hilo liwe la kudumu, na anautumia mkataba wake kama silaha. Mwishowe anasimama jukwaani akichezesha midomo, na Kathy yuko nyuma akiimba. Pazia linavutwa, na watazamaji wote wanamwona mwenye sauti.

Kazi hii haikupewa tuzo hata moja ya Oscar, ingawa ilipendekezwa kwa mbili. Sifa zake zilikua polepole. Mwaka 1989 iliingizwa katika orodha ya filamu ishirini na tano za mwanzo zilizochaguliwa kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2022 wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Uingereza Sight and Sound waliiweka miongoni mwa filamu kumi bora za nyakati zote.

Kwa jinsi ilivyopendwa, filamu hii imezaa vitabu. Hugh Fordin aliandika mwaka 1975 juu ya kikundi chote cha Arthur Freed na kazi zake. Clive Hirschhorn aliandika maisha ya Gene Kelly mwaka 1974, na Stephen Silverman akaandika juu ya Stanley Donen mwaka 1996. Peter Wollen alitoa kitabu chembamba cha uhakiki mwaka 1992. Debbie Reynolds, aliyeigiza Kathy, alisimulia maisha yake mwenyewe mwaka 1988, na tena mwaka 2013. Mwaka 2009 Earl Hess na Pratibha Dabholkar walichapisha kitabu kizima juu ya kutengenezwa kwa filamu hii moja, wakizichambua hati za studio pamoja na kumbukumbu za walioshiriki. Mtu aipendaye filamu hukaa na vitabu hivi kama akaavyo na wazee wanaomsimulia habari za marehemu aliyempenda. Kila jambo dogo lina thamani kwake.

Hata hivyo wako wasemao kwamba kufanya hivyo ni kuharibu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba filamu ya namna hii hutegemea kutojua kwetu. Kelly anapokunja mwavuli wake na kucheza chini ya mvua, tunaamini kwamba furaha imemjia pale pale na kwamba miguu yake haikufundishwa na mtu. Kitabu hutuambia kwamba mtaa ule ulikuwa wa studio, kwamba ulifunikwa kwa maturubai meusi ili mchana uwe usiku, kwamba mvua ilitoka katika mabomba, na kwamba mashimo yalichimbwa njiani ili madimbwi yawepo pale pale mguu utakapotua. Hutuambia zaidi kwamba mchezaji mwenyewe alikuwa na homa kali. Baada ya kuambiwa hayo, wasema, nani ataona tena mtu mwenye furaha? Ataona mabomba.

Tunakubali kwamba kuna kitu kinachopotea. Mara ya kwanza haina ya pili. Anayeitazama filamu hii akiwa mtoto, asiyejua hata kwamba kuna kazi iitwayo kuongoza filamu, ana furaha ambayo msomaji wa vitabu hawezi kuirudia, na ingekuwa uongo kumwahidi kwamba ataipata tena kwa njia nyingine. Lakini kupotea kwa furaha moja si kupotea kwa furaha zote. Mwenye kujua habari ya madimbwi huona jambo ambalo mtoto hakuliona: kwamba wepesi ule ulitengenezwa kwa hesabu, na kwamba mtu mgonjwa, aliyelowa tangu kichwani hadi miguuni, aliweza kutupa sisi sura ya afya na uhuru. Kama furaha ile iliyotazamwa ilikuwa ya mtu aliyebuniwa, staha tuliyo nayo sasa ni kwa mtu aliyekuwapo. Sisi twaona kwamba hii ya pili si ndogo kuliko ile ya kwanza, wala si adui yake. Mara nyingi huzikuta zote mbili zimekaa ndani ya mtu mmoja, kwa dakika ile ile moja, mbele ya mvua ile ile.

Lakini hapa yatupasa tutofautishe kujua na kusikia. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba maji ya mvua ile yalitiwa maziwa ili kamera iweze kuyaona. Habari hiyo ni tamu, na kila aliyeisikia alimpelekea mwenzake. Maelezo ya kuaminika ni kwamba mvua ilionekana kwa sababu ya taa zilizowekwa nyuma yake, zikaliangaza kila tone. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo una mahali pake, lakini mwanafunzi wa historia akiushika kama sheria utamdanganya. Vivyo hivyo katika kugawa sifa. Asomaye maisha ya Kelly peke yake huelekea kumpa Kelly filamu yote, na asomaye maisha ya Donen huanza kuhamisha mizani. Furaha ya kusoma vitabu hivi si ya kupokea tu. Msomaji hugeuka kadhi asikilizaye mashahidi, wengine wakiwa wazee wanaokumbuka mambo ya ujana wao, na hana budi kupima nani alikuwa karibu, nani ana kinyongo, na nani amelisimulia jambo lile mara nyingi mno hata likalainika mdomoni mwake.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Katika filamu mna wimbo uitwao Would You? ambao Kathy anauimba katika chumba cha kunasia sauti kwa niaba ya Lina. Twamwona Debbie Reynolds akifumbua kinywa, na sauti nzuri inatoka. Vitabu vinatuambia kwamba sauti ile si yake. Aliyeimba ni mwanamke aitwaye Betty Noyes, ambaye jina lake halimo katika orodha ya majina ya filamu. Ni Betty Noyes huyo huyo aliyeuimba wimbo wa mama wa tembo katika filamu ya katuni Dumbo ya mwaka 1941, na humo pia jina lake halikutajwa. Tena kuna ajabu nyingine. Pale Kathy anapoonekana akisema maneno ya maigizo kwa niaba ya Lina, ili kuifunika ile sauti ya bawaba, msemaji halisi ni Jean Hagen, yaani mwigizaji wa Lina mwenyewe. Donen alilieleza jambo hili. Hagen alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, na ule ukwaruzaji aliubuni kwa ufundi wake. Kwa hiyo mwanamke tuliyefundishwa kumcheka kwa ubaya wa sauti yake ndiye mwenye sauti tuliyoisifu.

Msomaji na aitazame hali hii kwa utulivu. Hadithi nzima imejengwa juu ya haki ya mwenye sauti. Tunamchukia Lina kwa kuwa anataka kuila sifa ya mwenzake, na tunashangilia pazia linapovutwa. Wakati huo huo, ndani ya kazi ile ile iliyotufundisha kushangilia haki, yuko mwanamke nyuma ya pazia la pili, na pazia hilo halikuvutwa na mtu. Filamu haikufanya kwake lile ililolifanya kwa Kathy. Vitabu ndivyo vilivyokuja kulivuta, miaka mingi baadaye.

Mtu aweza kujibu kwamba desturi ya kazi ile ndivyo ilivyokuwa, kwamba Noyes alilipwa ujira wake, na kwamba fundi aliyelipwa hana dai. Jibu hilo lina ukweli nusu. Hatuna haki ya kumwita Debbie Reynolds mwizi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, aliimba nyimbo nyingine kwa sauti yake mwenyewe, na hakuwa yeye aliyeamua nani aimbe nini. Wala hatuna haja ya kumtafuta mwovu mmoja, kwani desturi yaweza kudhulumu bila ya mtu mmoja kukusudia dhuluma. Lakini ujira ni malipo ya siku ya kazi. Jina ni jambo jingine. Kazi hii ingali ikiwafurahisha watu miaka zaidi ya sabini baada ya ujira ule kutumika na kwisha, na sifa za furaha hiyo zimeendelea kwenda kwa wengine. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Je, atatunzwaje asiyejulikana kwamba alicheza?

Kwamba desturi ile haikuwa lazima kama mvua ya mbinguni, yaonekana katika mifano ya watu wa wakati ule ule. Marni Nixon aliimba kwa niaba ya Deborah Kerr katika The King and I ya mwaka 1956, kwa niaba ya Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961, na kwa niaba ya Audrey Hepburn katika My Fair Lady ya mwaka 1964. Nixon alieleza kwamba wakubwa wa studio walimtisha asiitoe siri. Lakini Kerr mwenyewe alimtaja hadharani. Na Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki wa West Side Story, alimpa sehemu ndogo ya mapato yake mwenyewe kutokana na sahani ya nyimbo hizo. Sehemu ilikuwa ndogo kweli, ila ilitoka kwa mtu ambaye hakuna mkataba uliomlazimisha. Nixon aliishi hata akaandika kitabu cha maisha yake mwaka 2006. Si wote waliopata nafasi hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vinatuwekea mezani, nalo ni gumu zaidi. Debbie Reynolds hakuwa mchezaji wa dansi alipochaguliwa. Alikuwa amezoea mazoezi ya viungo tu. Alifundishwa kwa miezi michache ili aweze kusimama kati ya Kelly na Donald O'Connor, waliocheza tangu utotoni. Amesimulia kwamba Kelly alikuwa mkali mno kwake, na kwamba siku ya kupiga picha za wimbo Good Morning walifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, miguu yake ikatoka damu. Aliandika kwamba filamu hii na uzazi ndiyo mambo mawili yaliyokuwa magumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Kelly naye baadaye alikiri kwamba hakumtendea wema. Basi tunapouona wimbo ule, na wale watatu wakipanda ngazi na kupinduka na kochi huku wakicheka, tufurahi au tusifurahi?

Wako watakaosema kwamba matokeo yameuhalalisha ukali. Walimu, na tukiri bila kuficha, twapenda hoja hiyo kuliko watu wengine. Tunamwonyesha mwanafunzi aliyefaulu na kusema kwamba fimbo ndiyo iliyomfikisha. Lakini kufaulu kwake hakuthibitishi kitu juu ya fimbo. Kwathibitisha tu kwamba fimbo haikumshinda. Habari za Reynolds zenyewe zatupa sababu ya kuitilia shaka hoja hiyo. Amesimulia kwamba siku moja alikuwa amejificha chini ya piano akilia, na Fred Astaire, aliyekuwa akifanya mazoezi yake katika studio ile ile, akamkuta. Hakumkemea wala hakumbembeleza kwa maneno matupu. Alimkaribisha aje atazame yeye Astaire anavyojizoeza, ili aone kwamba hata bingwa hutoka jasho na hukasirishwa na miguu yake. Msichana akarudi kazini. Asemaye kwamba ngoma ile nzuri ni tunda la ukali peke yake amesahau piano. Kwa hiyo twaweza kuyafurahia yaliyopatikana bila ya kuyatetea yote yaliyotendwa katika kuyapata. Aliyeumia alisimama akacheza, na kumnyima furaha yetu leo kusingemponya miguu. Ila tukifurahi, tufurahi kwa ajili yake, wala tusiitoe furaha hiyo kuwa ushahidi dhidi yake.

Tukirudi nyumbani, mambo haya si mageni kwetu. Sote twafundisha mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, na twayasoma kana kwamba yalitufikia yenyewe kutoka kinywani mwake. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa kuwa mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyaandika kutoka katika kumbukumbu za watu na kumpa William Taylor maelezo yake. Ndipo baadaye William Hichens akayachapisha katika diwani mwaka 1940. Mwanafunzi hujua jina la Muyaka. Akibahatika hujua jina la Hichens, kwa kuwa limechapwa juu ya kitabu. Ni wangapi tuliowafundisha kulitaja jina la Sikujua? Shairi halipungui utamu kwa kutajwa kwake. Twaongeza tu kwamba palikuwa na mtu aliyeketi, akasikiliza, na kalamu yake ikawa daraja.

Basi jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Kuijua kazi tuipendayo hutuondolea furaha ya kutojua, nayo ni hasara ya kweli ambayo hatuna haja ya kuificha. Badala yake hutupa furaha yenye deni. Mtazamaji asiyejua hadaiwi kitu. Yule aliyesoma anadaiwa majina: anapomsifu Kathy amkumbuke Noyes, anapomcheka Lina ampe Hagen heshima yake, na anapozihesabu hatua za dansi akumbuke miguu iliyozicheza. Pengine ndiyo sababu watu wengine hawapendi vitabu hivi. Wanasema vinaharibu utamu, kumbe kinachowasumbua ni dai.

Tunawaachia walimu wenzetu neno hili walipime, na aliye na rai tofauti atuandikie. Ila twapendekeza jambo dogo la kutendwa kwanza. Mwenye nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi wake filamu hii asianze na maelezo. Awaache waione mara moja bila kujua, wacheke, wamchukie Lina, washangilie pazia linapovutwa, kwani hiyo ni haki yao. Kisha, taa zikishawashwa, awaambie jina la Betty Noyes na alifute ubaoni baada ya kila mmoja kuliandika. Halafu awaonyeshe tena wimbo ule mmoja, na awaulize wamesikia nini.